Mayai Mgongoni

Bwawa letu la Kitere halina sifa ya kutembelewa.
Mwezi wa saba linavaa salfa
iliyopeperuka kutoka kwenye mikorosho,
ngozi ya njano, nyembamba,
inayopasuka unapotumbukiza ndoo.

Chini ya ngozi hiyo anakaa yeye.
Bapa, rangi ya jani lililooza,
miguu ya mbele ameikunja
kama mtu anayengoja kusalimiwa.
Sisi tulimwita ng'ata-kidole.
Mwalimu wa sayansi alikuwa na jina refu zaidi,
akalisahau kabla ya kengele.

Hafukuzi. Hilo lijue kwanza.
Anashika bua la yungiyungi, kichwa chini,
anachomoza kijibomba cha pumzi juu ya maji
(ndiyo, anapumulia nyuma, tulicheka sana)
na anangoja
mpaka kiluwiluwi aamini kwamba dunia ni salama.
Kisha mkumbatio.
Kisha mdomo, sindano moja,
na mate yanayogeuza nyama kuwa uji.
Niliwahi kuhesabu. Nilipofika mia nne na kitu
chura mdogo bado alikuwa na macho
lakini ndani hamkuwa na mtu.
Ngozi ikaelea kama mfuko wa nailoni.

Nikamchukia.
Nikamtega kwa chandarua kikuukuu, nikamtia chupani,
nimpeleke juani akauke.
Ndipo nikauona mgongo wake:
mayai, safu kwa safu, kama punje za mtama,
yamebanana, hupati pa kupitisha mwiba.

"Mama huyu," nikasema.
Fadina Nambecha, mwenye ufunguo wa mfereji wa majaruba,
alicheka hadi akaegemea jembe.
"Dume hilo. Jike limeshabandika, limekwenda zake.
Na akiwa nayo haruki, mbawa zimekwama.
Mchana kutwa, usiku kucha, anapanda, anashuka,
yapate kuonja hewa."
Akafunga maji, akaondoka. Hakujua amesema nini.

Au alijua. Kitere yote ilijua.

Mwaka ule mama alipanda lori la ufuta kwenda Nachingwea.
Hakuaga,
au aliaga na sisi hatukutambua:
alinunua sabuni mche mzima, akaupanga vipande
juu ya kabati.
Tulibaki wanne. Somoe hajaota jino.

Baba yetu, Chilindima, alikuwa mtega ndezi.
Vidole vyake vilijua shingo inavunjikia wapi.
Na kwa vidole hivyo hivyo, manyoya bado kwenye kucha,
alimsuka Asumini kwa ajili ya Idi:
mistari mitano, mmoja umekosa njia
ukaishia sikioni.
Watu walicheka.
Asumini hakuufumua mpaka mwezi ukaisha.

Somoe alimfunga mgongoni kwa kanga ya mama,
akaingia naye jarubani kupalilia.
Anainama, anainuka. Anainama.
"Dume zima na mbeleko!" wakapiga kelele kutoka barabarani.
Hakujibu. Alikuwa na magugu.
Wenzake walipokwenda bandarini Mtwara kupakia magunia
alisema, nitawafuata Somoe akitembea.
Somoe akatembea.
Akasema, akianza shule.
Somoe sasa ana cherehani yake Tandahimba,
na baba hajawahi kuliona lango la bandari.

Lakini siku ile sikuwaza hayo yote.
Nilikuwa na miaka kumi na moja na chupa mkononi.
Nilirudi bwawani, nikaifungua,
na yeye, kabla ya kuzama na mzigo wake,
akanichoma kidoleni.

Nililia njia nzima.
Baba aliweka chini ndezi aliyekuwa akimchuna,
akapasha maji ya chumvi,
akakishika kidole changu ndani ya bakuli.
Hakuniuliza nilikuwa nafanya nini.
Mkono wake ulinuka damu.
Sikuutoa wangu.